Nani Mwingine Anapapenda Hapa?

Mlipokuja hapa kwangu Uyole, vijana wangu, mlinitandazia picha mezani mpaka mama yenu akakosa pa kuweka chai. Picha za Ziwa Nyasa, upande ule wa mashariki ya Matema ambako milima ya Ukinga inashuka moja kwa moja majini na kuacha majabali, vichochoro vya mchanga na maji ya kijani. Mkaniambia mnataka kujenga vibanda vya wageni wa likizo. Mkaniuliza, "Babu, wewe ulifanya kazi hii enzi za mkoloni. Ungechagua wapi?" Kisha kila mmoja wenu akaanza kuangalia saa. Mimi siwezi kuzungumza na mtu anayeangalia saa, ndiyo maana nimeamua kuandika. Someni mkiwa mmekaa.

Kwanza mjue anayewaambia ni nani. Mimi ni Mhehe wa karibu na Tosamaganga. Nimekulia kwenye baridi na ugali, na maji makubwa niliyoyajua utotoni ni Ruaha Mdogo. Kuogelea sijui mpaka leo. Basi Mwenyezi Mungu kwa utani wake akanipa kazi ya kuwatafutia watu pwani. Miaka ya hamsini nilikuwa mpishi, halafu mkuu wa kambi, wa hoteli moja ndogo ya Mbeya ambayo sasa haipo. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kizungu, mjane, tuliyemwita Mama Kofia kwa kuwa kofia yake tuliiona kabla ya kumwona yeye. Baridi ya Juni ilipoingia Mbeya, wageni wake walitaka jua. Tulipakia mahema, sufuria na viti vya turubai kwenye lori, tukateremka kupitia Tukuyu mpaka Matema. Barabara iliishia hapo. Kuanzia hapo ni mtumbwi, au miguu kwenye kijia kilichobana kati ya mlima na maji.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ndambo, Msangu wa Ubaruku, mfupi, mweusi tii, mpenda wali. Chakula kisicho wali alikiita kiamsha kinywa hata kikiliwa saa mbili usiku. Kwao ni mbuga tupu, hakuna jabali hata moja la kukalia, lakini alijua kusoma mahali. Safari yangu ya kwanza nilimwonyesha uwanja wa majani mafupi karibu na mdomo wa mto. Ulikuwa umekatwa sawasawa, hauna jiwe, hauna kichaka. Nikamwambia, "Mzee, hapa hata panga hatutumii."

Akauliza, "Nani amekata?"

"Si yameota hivyo hivyo."

"Majani hayana kinyozi, kijana. Hapa ni meza ya kiboko. Sisi tukilala hapa, yeye atakula wapi?" Kisha akaniambia neno ambalo nimeishi nalo: "Ukiona mahali pazuri, usiseme nimepata. Uliza kwanza, nani mwingine anapapenda hapa?"

Hilo swali ndiyo kazi yote, hayo mengine ni vigingi na kamba tu. Lakini vigingi navyo vina mambo yake, kwa hiyo nitawapa kidogo.

Ukifika ufukoni, usiangalie maji, angalia mitumbwi. Wenyeji wakiwa wameivuta mbali juu ya mchanga, jua mawimbi yanafika karibu na hapo, hata kama siku hiyo ziwa limelala. Kuanzia Juni upepo wa mwera unatoka kusini, unasafiri ziwa zima bila kizuizi, na unakuja kumalizia hasira zake kwetu huku mwisho wa kaskazini. Asubuhi utulivu, saa tisa alasiri hema linataka kupaa. Mlango wa hema usiuelekeze kusini hata mgeni akikulilia kwamba anataka kuona maji kutoka kitandani. Mmoja alinililia nikamkubalia, na shuka zake tulizikuta juu ya mti.

Usiweke hema chini ya jabali kubwa linalotazama magharibi. Mchana unaona kivuli, unafurahi. Jioni lile jabali linarudisha jua lote lililokula, na mgeni anakaangika kama karanga mpaka usiku.

Na kila mgeni ana pwani yake. Tulikuwa na Bwana Kanji, mwenye duka Iringa, Mhindi aliyezaliwa palepale. Kihehe chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wangu. Akiniona tu, "Kamwene!" na mimi naitika, na Wanyakyusa, wenyeji wa pale, wanabaki wanatucheka. Alikuja kila mwaka na mkewe na mama yake mzazi. Hawali nyama, hawali samaki, wala sufuria iliyokutana na samaki hawaitaki. Nilidhani kuosha kunatosha. Yule bibi alinusa kunde zangu, akaweka bakuli chini taratibu, akala ndizi mbivu siku nzima bila kulalamika. Kutolalamika kwake kuliniuma kuliko matusi. Tangu hapo familia ile nilikuwa nawatafutia kipembe cha upande upepo unakotoka, mbali na vichanja vya kukaushia dagaa, na sufuria zao zilisafiri kwenye kikapu chao wenyewe. Wengine walitaka mahali pa kuruka majini, wengine kivuli cha kusomea, wengine wapate tu kukaa mbali na watoto wao.

Halafu kuna kungu. Siku moja wageni waliona moshi mweusi mrefu umesimama katikati ya ziwa, wakashangilia kwamba meli inakuja. Mimi nikawasha moto wa chai ya kuwapokea abiria. Kumbe ni wadudu, vijidudu vidogo mamilioni, wingu zima, na upepo ukalileta kwetu. Waliingia kwenye supu, masikioni, kwenye ndevu za daktari mmoja. Wakati sisi tunakimbilia mahemani, wanawake wa kijiji walikuwa wanakimbilia nje na vikapu, wanavizungusha hewani huku wanacheka. Jioni walituletea mikate ya kungu, myeusi, iliyokandwa. Mzee Ndambo alikula miwili. Alisema kitu pekee kilichokosekana ni wali.

Sasa nifike pale mnapotaka kujenga. Picha yenu ya juu kabisa, ile mliyoniachia, napajua kuliko chumba changu. Jabali kubwa limetoka mlimani likaingiza pua ziwani. Upande wa pili kuna ghuba ndogo ya mchanga mweupe, na kijito cha maji baridi kinashuka toka mlimani. Hakuna njia ya kuingia ila mwanya mmoja kwenye jabali, mpana wa kupita watu wawili wakibanana. Mama Kofia alipopaona alivua kofia. Akasema, "Hii ni nyumba yenye mlango mmoja." Akaamuru kambi ikae hapo, na mlangoni akae mlinzi.

Mwaka huo Mzee Ndambo alikuwa amebaki Ubaruku, mguu umemvimba. Hapakuwa na mtu wa kuuliza lile swali.

Mlinzi tulimpata siku hiyohiyo. Mama Kofia alitaka mtu mzima anayeheshimika, ili asiwepo wa kugusa kitu cha mgeni. Kila tuliyemuuliza alimtaja Mzee Ambokile, mwenye ng'ombe wengi na watoto wa kiume wengi zaidi. Alikuwa mrefu, mkimya, mashavu yameingia ndani, na paji la uso lilikuwa na mkunjo mmoja katikati kama mtu anayefikiria kitu kimoja tangu azaliwe. Hoteli ilimpa kofia na kabuti zito la kaki lenye vifungo vya shaba. Joto la Matema mnalijua. Yule mzee alilivaa kuanzia asubuhi mpaka machweo, jasho linamtiririka, na hakufungua hata kifungo kimoja. Alikaa kwenye jiwe katikati ya mwanya, mkongojo magotini. Nilimtazama nikasema moyoni, leo tumepata.

Siku ya kwanza, kabla hajaanza kazi, wanawake walikuwa wamejaa kambini kwangu. Walipita mwanyani kwenda kuteka maji kijitoni, na wakirudi wananiuzia ndizi, mayai, kuni, samaki. Siku ya pili hakuja hata mmoja. Ya tatu vilevile. Nikafikiri wanamwogopa mbwa wa mgeni mmoja, nikamfunga. Hawakuja. Nikabaki napika viazi vya Mbeya mpaka wageni wakaanza kuniangalia vibaya. Nilimuuliza Mzee Ambokile, nikimwita baba kwa Kinyakyusa, "Tata, wanawake wamekasirika na nini?"

Akakohoa. "Sijaona mwanamke kupita hapa."

Na kweli hakuwaona. Walikuwa wanazunguka. Pua ya lile jabali ina mawe yaliyotapakaa majini, na asubuhi ziwa likiwa tulivu unaweza kuruka jiwe hadi jiwe, na mtungi kichwani, ukaingia ghubani kwa nyuma mpaka kwenye kijito. Mimi nilikuwa jikoni, sikuona.

Alasiri ya siku ya nne ndipo tukaona wote. Wageni walikuwa kwenye viti wanakunywa chai, mwera umeanza kuvuma. Mama mmoja akasimama akanyoosha kidole. Kule kwenye pua ya jabali alisimama mwanamke juu ya jiwe, na maji yalikuwa yamemfunga mbele na nyuma. Alikuwa mjamzito, tumbo la miezi ya mwisho. Wimbi likaja, mtungi ukaanguka, ukapasuka. Alikuwa Tusekile, binti wa milimani juu ya Tukuyu aliyeolewa pale karibuni. Mumewe alikuwa ameenda migodini kusini, na nyumbani kwake hapakuwa na mwingine wa kumtekea maji. Nilijua jina lake kwa kuwa alikuwa ameniuzia mayai ile siku ya kwanza.

Aliyekuwa karibu naye kuliko sote ni Mzee Ambokile. Akainuka, akateremka majini na kabuti lake, akanyoosha mkongojo. Wageni wakapiga makofi. Basi yule binti, badala ya kuushika, alijifunika kanga usoni, akapiga hatua nyuma. Akatoka kwenye jiwe, maji yakamfika kifuani. Mzee akasogea hatua moja. Binti akarudi hatua nyingine. Nikapiga kelele, "Shika! Shika fimbo, mama, utakufa!" Hakushika. Nilikuwa sijapata kuona mtu anayemkimbia anayemwokoa.

Mzee Ambokile akasimama. Akanigeukia, na uso wake siwezi kuusahau. Akasema kwa sauti ya chini, "Mhehe, mimi ndiye ninayemuua. Mkimbilie. Mimi naondoka."

Akageuka, akakimbia. Mwanyani hakuweza kupita, kwa sababu upande wa pili wanawake walikuwa wameshajaa wanapiga mayowe. Akakimbia katikati ya kambi, akapita kati ya meza za chai, akaangusha birika, akaupanda mlima. Pale nyuma ya ghuba mlima ni ukuta wenye miiba. Mzee wa umri ule alipanda kwa mikono na magoti, kabuti linachanika, mawe yanaporomoka nyuma yake, hadi akapotea. Wageni wengine walicheka. Mmoja akasema mlinzi wetu ni mwoga kama kuku.

Mimi nilikuwa nimeng'oa nguzo ya hema. Niliingia majini mpaka tumboni, na kwa mtu asiyejua kuogelea hapo ni mbali sana, nikamnyooshea. Tusekile alikuwa bado amejifunika. Akauliza, "Ameondoka?"

"Nani?"

Akauliza tena, "Ameondoka?"

"Ameondoka, yuko mlimani."

Hapo ndipo akashika nguzo. Wanawake wakaingia kupitia mwanya, wakampokea, wakamvika nguo kavu. Mtoto tumboni alikuwa anacheza. Nilikaa mchangani nikalia, na sikuona haya, kwa sababu nilikuwa nimeshamzika kichwani mwangu.

Mama Kofia alikuwa amekasirika. Alitaka mlinzi afukuzwe na jina lake litangazwe, asipewe tena kazi na mtu yeyote. Jioni ile nikachukua kofia ya mzee iliyobaki kwenye jiwe, nikaipeleka kwake. Kijiji cha wazee kilikuwa juu, mbali kidogo, katikati ya migomba. Wanyakyusa wa wakati ule walikaa hivyo. Vijana waliooa walijenga kijiji chao, wazee chao, ili mke asikutane na baba wa mumewe. Mke hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, na akisikia anakuja anaacha njia, anaingia migombani mpaka apite. Hiyo ni heshima, na inawahusu pia ndugu za yule baba. Kwetu Uhehe mkwe tunamheshimu, lakini si kwa kiasi kile, na mimi nilikuwa sijauliza.

Nilimkuta amekaa uani, mikono imejaa miiba, kabuti liko pembeni.

"Kijana," akaniambia, "kijiji cha chini ni cha wanangu na wana wa ndugu zangu. Wanawake wote wanaoteka maji pale ni wakwe zangu. Ninyi mmenichukua huku juu mkaniweka kwenye koo lao."

"Sasa Tata, mbona ulikubali?"

Alilitazama kabuti. "Wewe hujaona vifungo?" akasema. Kisha akaongeza, "Nilijua watazunguka. Nikasema moyoni, mwezi mmoja tu, watavumilia. Sikumfikiria yule mwenye tumbo, mke wa mwanangu mwenyewe."

Nilirudi nikamweleza Mama Kofia. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa, akasema lau kwao Ulaya kungekuwa na desturi hiyo, yeye na mama mkwe wake wangependana mpaka leo. Akaniambia basi tuweke mlinzi kijana, kambi ibaki. Hapo ndipo nilipombishia. Nilimwambia mlango ule una wenyewe tangu zamani. Kijana akikaa pale, wake za watu watapita mbele ya mwanamume mgeni asubuhi na jioni, na waume zao watakuja kumuuliza anatazama nini. Wanawake wasipopita, wao hawana maji, sisi hatuna samaki, na wageni wataendelea kula viazi. Na mzee akifukuzwa leo, ataitwa mwoga kwa kitendo cha ujasiri kuliko vyote nilivyoviona pwani ile. Nadhani viazi ndivyo vilivyomshawishi.

Tukahama asubuhi. Tukaenda upande wa huku wa jabali, chini ya njia ya wazee, karibu na matete. Mahali pa kawaida kabisa. Ukikaa pale unaona mgongo wa jabali tu, jua la asubuhi linakuchoma macho, mbu wapo. Kila mwaka wageni walinung'unikia mandhari. Ghubani tuliwapeleka kuoga na kunywa chai mchana, saa ambazo hakuna anayeteka maji, kisha tunaondoka na kila kitu chetu. Lakini ndizi zilirudi, samaki walirudi, na mikate ya kungu. Mzee Ambokile alibaki mlinzi wetu, na kabuti lake lenye viraka. Kila alipokaribia kona alikohoa, akagonga mkongojo kwenye mawe, ili aliye mbele apate nafasi ya kujificha. Kikohozi kile mtu alikisikia toka mbali. Mzee Ndambo aliporudi nikamsimulia. Akasema, "Uliza kwanza," halafu akataka kujua kama mchele umefika.

Hapo ndipo ningechagua, wanangu. Napapenda kule kwenye matete kuliko mahali pote kwenye ziwa lile. Kule ghubani pelekeni wageni wakaoge, wapige picha, warudi. Najua mtaniambia siku hizi mabomba yapo na wake wanakula meza moja na baba wakwe zao. Sawa. Ila kabla hamjapima kiwanja, kaeni pale asubuhi na jioni, mwone nani anapita. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mzee Ambokile alifariki kabla ya Uhuru. Nilishuka na lori kwenda msibani. Ngoma zilipigwa, ng'ombe walichinjwa, na mtu mmoja alikuwa amelitundika lile kabuti kwenye mgomba. Wake za wanawe walikaa nyuma, mbali na mwili, kama alipokuwa hai. Nilipokwenda kunawa mikono, Tusekile akanifuata. Mwanawe alikuwa ameshakuwa wa kuchunga ndama.

"Kaka," akasema, "wewe ulikaa naye miaka yote. Mimi namjua kikohozi, na mgongo wa kabuti siku moja alipokuwa anapanda mlima. Nilifunua kanga kidogo, nikachungulia." Akaniuliza, "Alikuwaje usoni?"

Nikamwita yule mtoto, nikamsimamisha mbele ya mama yake. Mashavu yameingia ndani, na mkunjo mmoja katikati ya paji.

"Mtazame huyu," nikamwambia. "Masikio tu ndiyo ya kwenu."

Alipiga magoti, akamshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku mpaka mtoto akataka kumponyoka.

"Kumbe," akasema, "nilikuwa namwona kila siku."